Ramani Iliyochorwa Ndani ya Kichwa Changu

Akina mama wenzangu, nashukuru kwa kunipa nafasi. Kabla sijasema lolote naomba mniangalie. Najua wengine mkinitazama usoni mnaondoa macho haraka, mnaona aibu kwa niaba yangu. Leo msiyaondoe. Taya hili, pua hii, paji hili lililojitokeza ni vyangu, lakini sikuzaliwa navyo. Vilikuja polepole, na nusura vinipeleke kaburini kabla sijajua kwamba naumwa.

Naitwa Felista. Mimi ni msusi, saluni yangu iko Kwa Mathias hapa Kibaha, nyuma ya maduka ya barabarani. Naishi mtaa wa Picha ya Ndege na mume wangu Yona, fundi umeme, na binti yetu Eliza anayesoma sekondari. Zamani nilikuwa mwembamba, mwenye vidole vyembamba. Wateja walitoka mpaka Mlandizi kufuata mkono wangu, kwa sababu nilisuka nywele ndogo ndogo bila kumliza mtu. Jumapili niliimba kwaya, sauti ya kwanza. Sikuwa mtu wa kuugua. Malaria ikinipata, nilimeza dawa nikiwa nimesimama, mkononi nimeshika kitana.

Ilianza na viatu. Viatu vyangu vya kanisani vilianza kunibana, nikadhani nimenenepa. Nikampa mdogo wangu, nikanunua vingine vikubwa zaidi. Baada ya muda navyo vikabana. Kijana anayeuza mitumba pale stendi akanitania, "Mama Eliza, kumbe wewe bado unakua?" Tukacheka wote wawili. Leo nikikumbuka kicheko kile mwili unanisisimka, maana alikuwa amesema kweli tupu.

Ikafuata pete ya ndoa. Kidole kilinenepa mpaka nyama ikaifunika pete pande zote, kikawa kinapwita kama jipu. Tulijaribu sabuni, tukajaribu mafuta ya kula. Mwisho Yona akanipeleka kwa fundi wa vito, akaikata kwa msumeno mdogo. Vipande vikaanguka mezani. Nikavifunga kwenye kitambaa, tukarudi nyumbani.

Halafu mambo yakaja kwa mfululizo. Jasho jingi, zito, hata asubuhi ya mvua. Ganzi mikononi, kitana kinaniponyoka katikati ya kazi. Kichwa kuuma hapa mbele, nyuma ya macho, kila siku. Meno ya chini yakaachana. Ulimi ukawa mkubwa, nikila najing'ata. Hedhi ikakoma na mimi sijafika hata miaka arobaini. Sauti nayo ikazama. Mwalimu wa kwaya alinihamishia sauti ya pili, halafu siku moja akaniambia kwa upole, "Dada Felista, hebu pumzika kidogo mpaka mafua yaishe." Sikuwa na mafua.

Msidhani nilikaa tu. Nilikwenda zahanati wakanikuta na presha, wakanipa dawa. Baadaye wakakuta sukari, wakanipa dawa nyingine. Ganzi nikapewa vitamini. Meno nikaenda kwa daktari wa meno. Kuhusu hedhi nikaambiwa wapo wanawake wanaowahi kukoma. Hakuna aliyenidanganya. Nilipeleka kila tatizo peke yake, na kila mtu alitibu kile nilichomwonyesha. Mimi mwenyewe nilikuwa nasimama mbele ya kioo kutwa nzima na sikuona kitu. Uso ukibadilika kidogo kidogo, mwenye uso ndiye wa mwisho kujua.

Aliyeona alikuwa mama mkwe wangu.

Kwao Yona ni Kisarawe, Maneromango. Mama mkwe alikuwa amekaa muda mrefu kwa binti yake Tanga, hatukuwa tumeonana. Aliporudi kijijini tukaenda kumsalimia. Ilikuwa mchana kweupe, yeye yupo uani anamenya mihogo. Nikapiga magoti mbele yake.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Aliacha kisu juu ya muhogo, akanitazama muda mrefu, kisha akamgeukia mwanawe.

"Yona, huyu nani?"

"Mama, si Felista huyu."

"Felista namjua."

Akainuka, akaingia ndani, akatoka na picha yetu ya harusi. Akaishika sambamba na shavu langu, anaangalia picha, ananiangalia mimi.

"Hebu amkia tena."

"Shikamoo, mama."

Alirudi nyuma hatua moja. "Hiyo sauti ya mwanamume," alisema. Kisha akaniuliza, taratibu kabisa, kama mtu anayeogopa kujibiwa: "Weye uliyevaa nguo za mkwe wangu, Felista umempeleka wapi?"

Majirani walikuwa wameshaanza kusogea. Nilipika chakula, hakuna aliyekigusa. Mjomba wake Yona akamvuta pembeni, nikamsikia akimwambia anipeleke kwa mtaalamu wa huko huko kijijini, kabla hicho kilichoniingia hakijahamia kwa mtoto. Yona akaniita, tukaondoka. Lakini tuliporudi Kibaha nilimkuta amesimama sebuleni mbele ya picha ya harusi, ile iliyo ukutani. Akanitazama, akaitazama tena ile picha. Nikajua na yeye ameanza kuhesabu tofauti.

Siku chache baadaye Eliza akahamisha godoro lake kutoka chumba cha karibu na chetu, akalipeleka sebuleni. Nikamuuliza kwa nini.

"Mama usikasirike," akasema, macho yako chini. "Ukilala unakoroma mpaka ukuta unasikia. Halafu unanyamaza. Hupumui kabisa, mama. Mimi nakaa nasubiri urudi. Kuna siku nitasubiri na hutarudi."

Mtoto wangu alikuwa analinda pumzi zangu na mimi sijui.

Kisha dunia ikaanza kunifungia pande zote mbili. Sikuumwa macho. Mbele nilikuwa naona vizuri, hata sindano naitunga uzi. Ila kulia na kushoto kulikuwa kunatoweka, kama mtu anayevuta mapazia mawili kidogo kidogo kila siku. Nilikuwa nagonga mabega kwenye miimo ya milango. Wateja walilalamika kwamba wananisalimia napita. Siku moja nilikuwa navuka barabara ya Morogoro pale Kwa Mathias. Niliangalia, nikaona barabara tupu, nikaingia. Mama muuza ndizi akanidaka khanga kwa nyuma na kunivuta mpaka nikakaa chini. Lori la mchanga likapita. Upepo wake ulinipiga usoni. Ndugu zangu, lile lori sikuliona. Nilisikia honi tu, na nilipoliona lilikuwa linaondoka.

Yona alipopata habari aliacha kazi yake katikati, akaja saluni na vumbi la ukuta kichwani. "Kesho tunakwenda hospitali," akasema, "na hatutoki mpaka watuambie ni nini."

Hospitalini hapo Kibaha alinipokea daktari wa macho, binti mdogo, Dokta Salma. Alinifunika jicho moja akachezesha vidole vyake pembeni.

"Vidole vingapi, mama?"

"Vidole viko wapi?" nikamuuliza.

Akachukua mkono wangu, akaugeuza, akaulinganisha na wake. Akaniangalia taya, akaniomba nifungue mdomo. Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia: "Mama, una picha yako ya zamani?"

Yona akatoa simu yenye picha yetu ya harusi. Dokta Salma akaitazama ile picha kama alivyoitazama mama mkwe, ila yeye hakurudi nyuma. Akavuta kiti, akakaa karibu yangu.

"Presha, sukari, ganzi, meno, sauti, macho. Mama yangu, nadhani hayo yote ni ugonjwa mmoja. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, ina ukubwa wa mbaazi. Ndiyo inayoamuru mwili ukue. Yako nadhani imeota uvimbe, na inaamuru bila kukoma."

Kipimo cha MRI, mashine ya kelele inayopiga picha ndani ya kichwa, kilionyesha hivyo hivyo. Mbaazi yangu ilikuwa imefikia ukubwa wa ndimu. Si saratani, walisema, ila imesukuma mishipa ya macho kwa juu, na nikichelewa nitabaki gizani moja kwa moja. Tukapelekwa kwa mpasuaji wa ubongo kwenye hospitali kubwa ya mjini.

Huyo mpasuaji, Dokta Nyoni, ni mtu wa maneno machache. Alituketisha mbele ya skrini akatuonyesha kichwa changu mimi, kimekatwa vipande vipande kwa mwanga. Akaeleza kwamba hatapasua fuvu. Atapita puani, kwa kamera nyembamba kama penseli, mpaka kwenye mfupa ulio chini ya tezi, autoboe mfupa, autoe uvimbe kwa huko chini.

"Zamani," akasema, "tulikuwa tunatazama kipimo ukutani, halafu tunarudisha macho puani kwa mgonjwa, tunakumbuka. Sasa mashine inachukua kile kipimo inakichora juu ya picha ya kamera, wakati huo huo ninapofanya kazi. Naona nyama yenyewe, na juu ya nyama naona kilichojificha nyuma yake."

Wataalamu wanaita uhalisia ulioongezwa. Akabonyeza, rangi zikajitokeza. Uvimbe kijani. Mishipa ya macho njano, imepinda juu ya ule ujani kama waya uliobebeshwa mzigo. Na pembeni, kushoto na kulia, njia mbili nyekundu nene.

"Hizi nyekundu?" Yona akauliza.

"Ndiyo mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye ubongo. Huu wa kulia uko huru. Wa kushoto, uvimbe umeuzunguka. Umeukumbatia."

"Ukiugusa?"

"Kuugusa siyo shida. Ukitoboka ndiyo shida. Damu yake ni ya kasi sana. Mtu anaweza kufia mezani, au akaamka hawezi kusema wala kunyanyua mkono."

Chumba kilikuwa na kiyoyozi lakini nilikuwa natiririka jasho. Yona akasogea karibu na skrini. "Na huo mchoro ukikosea, daktari?"

Dokta Nyoni akageuka kutoka kwenye skrini. "Unaweza kukosea. Mgonjwa hufungwa kifaa kichwani ili mashine itambue kichwa kimekaaje. Kikisogea hata kidogo, rangi itakaa pasipo pake. Ndiyo maana sitauamini peke yake."

Nilitamani atuambie haukosei kamwe. Nilitoka pale ile nyekundu imebaki machoni kwangu, nikifumba naiona.

Habari zikafika Kisarawe kabla hatujazipeleka sisi. Shemeji yangu akaja mbio. "Mama amesema msimfungue kichwa. Amesema kilichomo humo kikipewa mlango, kitatoka na roho yake." Yona akaniangalia. Kwa mara ya kwanza nikaona kwamba hata yeye angefurahi nikisema hapana. Nikamwambia shemeji, "Mwambie mama kwamba mimi ndiye Felista, na mimi ndiye nakwenda." Sauti yangu ilikuwa nzito kama ya kwake. Akarudi Kisarawe na ujumbe wangu.

Siku ya operesheni, mtaalamu wa usingizi alinikagua akatikisa kichwa. Kwa ulimi ule na taya lile, akasema, akinilaza kwanza anaweza asiione njia ya hewa. Itabidi aweke mpira wa kupumulia nikiwa macho. Wakanipulizia dawa ya ganzi kooni, chungu sana, kisha mpira ukaanza kushuka. Mwili wote ulikuwa unataka kuutapika. Nesi alinishika mkono ananiambia, "Pumua, mama, pumua, usipigane nao." Machozi yalitiririka masikioni. Kitu cha mwisho nilichokiona ni skrini kubwa juu yangu imewashwa, kichwa changu kimo ndani yake, na zile njia mbili nyekundu.

Yaliyofuata sikuyaona. Nayasema kama alivyonisimulia Dokta Nyoni mwenyewe baadaye, amesimama kando ya kitanda. Alisema hakutaka niyasikie kwa mtu mwingine.

Walifika kwenye mfupa salama, wakaufungua, wakaanza kuutoa uvimbe. Ile ramani ya rangi ilikuwa inakaa sawa, kijani juu ya uvimbe wenyewe. Walipogeukia upande wa kushoto, ramani ikamwonyesha kwamba ule mshipa bado uko mbali, kwamba hapo mbele ya kisu ni uvimbe mtupu, aendelee. Lakini hakupenda alichokiona. Kulikuwa na mapigo madogo kwenye ile nyama, kama kitambaa kinachopepea kidogo. Akasimamisha kazi. Akaomba kifaa chembamba kinachosikiliza damu, akakigusisha pale pale ambapo mchoro ulisema hakuna kitu.

"Chumba kizima kilisikia," aliniambia. "Shuu, shuu, shuu. Tulikuwa juu yake."

Kile kifaa cha kukitambua kichwa kilikuwa kimesogea. Hakuna aliyekiona kikisogea. Ile nyekundu ilikuwa imechorwa kando, na mshipa wenyewe ulikuwa hapa, chini ya ncha ya chuma. Walipima upya, alama kwa alama, mpaka ramani na nyama vikapatana tena. Wakaendelea kwa yote mawili, kwa jicho na kwa sikio. Kipande kilichokumbatia mshipa akakiacha.

Mimi niliamka nimezibwa pua zote mbili, napumua kwa mdomo, koo limejaa ladha ya damu. Nilitapika mabonge meusi ya damu. Nikashikwa na kiu ambayo sijawahi kuiona, nakunywa na kukojoa, nakunywa na kukojoa, mpaka wakanichoma sindano ya kuituliza. Walipotoa pamba puani nikaambiwa nisipenge, nisipige chafya, nisiiname. Nilitii. Hata hivyo asubuhi moja nilipokaa kitandani, tone la maji safi likadondoka kwenye mkono wangu. Kisha jingine. Hayakuwa mafua. Nesi aliyaona akaondoka mbio.

Yalikuwa maji ya ubongo. Kiraka walichozibia tundu la mfupa kilikuwa kinavuja, na panapotoka maji, vijidudu vinaweza kuingia. Wakaniwekea mrija mgongoni, nikalazwa chali, nimekatazwa kunyanyua kichwa. Yona alikuwa ananilisha uji kwa kijiko. Siku moja akaniambia tu, "Nikifumba macho nasikia mtu mwingine anaongea. Ila ukinigombeza kuhusu uji, ni wewe kabisa." Nilikatazwa kucheka, nikacheka kwa tumbo.

Maji yakakoma. Siku waliyoniinua nikae, nikaona mwanamke upande wangu wa kushoto, kitanda cha jirani, anakunja shuka. Nikamuuliza amelazwa lini. Akanishangaa. "Umenikuta hapa hapa, dada. Kila siku nakusalimia." Hapo nilijua mapazia yamefunguka. Nililia kwa sauti mpaka manesi wakaja wakidhani nimezidiwa.

Baada ya muda jasho likapungua, ganzi ikaachia, vidole vikapungua unene. Eliza akarudisha godoro lake chumbani bila kuambiwa. Mifupa haikurudi na haitarudi, ndiyo huu uso. Mama mkwe alikuja Kibaha, akakaa kwenye kochi muda mrefu ananitazama nikihangaika jikoni. Mwishowe akasema, "Kwa uso sikujui. Basi nitakujua upya." Akala nilichopika.

Ndugu zangu, nataka niseme jambo na wale wenye ugonjwa usio na jina. Mguu wa mtu mzima haukui. Kama unabadilisha viatu na huna mimba wala uvimbe wa maji, usicheke kama nilivyocheka mimi. Kama unagonga miimo ya milango, usiseme ni haraka zako. Ukienda kwa daktari, usimpelekee kipande. Mwambie yote, hata yale ya aibu, hata jasho, hata hedhi, na uchukue picha yako ya zamani. Na kama kuna mtu nyumbani amebadilika mpaka unamwogopa, usimkimbie. Mpeleke. Na mkiambiwa kuna mashine, msiiogope na wala msiiabudu. Mashine ilimwonyesha daktari njia, na siku ilipokosea, kulikuwa na mtu aliyekuwa bado anatazama.

Kile kipande kilichoachwa bado kimo. Kimeshika mshipa wa kushoto kama mkono. Nachomwa sindano ya kukilaza, na kila baada ya muda naingizwa kwenye kile kipimo kinachopiga kelele, halafu tunakaa mbele ya skrini, mimi na Yona, tunangoja rangi zitokee. Mpaka sasa ile kijani haijaongezeka. Daktari anasema imelala. Hasemi imekufa.

Wiki ijayo nakwenda tena. Sijui nitaambiwa nini. Kwa hiyo nashukuru leo kabla sijaingia, nikiwa nawaona nyote, ninyi mlioko mbele na ninyi wa pembeni kule mwisho wa benchi.